Huyu mtu aliyemwaga mwisho wa kitabu jana usiku, nani alimkaribisha?

Mwana wa Raskazone (mleta mada):

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji jina, hana haja ya kutajwa, mnamjua wote. Yule yule wa kila kikao. Anayekuja mikono mitupu na kuondoka hotpoti ya watu imejaa. Jana kanifanyia jambo ambalo hata shetani angeomba ruhusa kwanza.

Tulikuwa tunasoma The Woman in Black ya Susan Hill, kile cha 1983. Nilijiandaa. Waingereza hadithi za mizuka wana utaratibu wake, zinasomwa kwa sauti usiku, watu wamekusanyika. M. R. James alipokuwa mwalimu Cambridge alikuwa anawasomea rafiki zake msimu wa Krismasi, anazima mishumaa yote anabakiza mmoja. Susan Hill kachota kwenye kisima hicho hicho. Basi na mimi nikazima taa, nikawasha mshumaa mmoja, nikafunga madirisha na joto lote hili la Tanga. Watu jasho linawatiririka lakini kimya, hata chawa angekohoa mngemsikia.

Tukafika pale penyewe. Wakili Kipps, aliyetumwa kupanga makaratasi ya bibi mmoja marehemu, yuko kwenye njia ya kwenda Eel Marsh House, nyumba ya huyo bibi, ile ambayo maji yakijaa inafunikwa yote na nyumba inabaki kisiwa. Ukungu umeshuka, haoni mbele wala nyuma. Anasikia gari la farasi linakuja. Kwato, magurudumu. Halafu linakosea njia, linaingia topeni, farasi anahangaika, tope linanyonya, na ndani ya ukungu mtoto analia. Mtoto, wakuu! Dada mmoja alikuwa ameshamshika jirani yake mkono mpaka kucha zimezama. Mimi nimeshusha sauti, nasoma neno moja moja.

Ndipo yule bwana, mdomo umejaa chapati, akasema, "Mnajisumbua tu, mwisho wake ni..." AKAUSEMA. Wote! Nani anakufa, anakufia wapi, anakufaje. Chapati mdomoni! Hata kumeza hakumeza!

Sirudii alichosema maana mimi nililelewa.

Hadithi hizi hazina damu ya kumwagika wala kichwa kinachozunguka. Uhondo wake wote ni kungoja. Unamwona mwanamke kwa mbali mazishini, uso umekonda na kusawajika, mtu mwingine hamwoni, au anajifanya hamwoni. Unasikia kitu kinagonga ndani ya chumba kilichofungwa, dum, dum, na hujui ni nini. Mbwa Spider anainua masikio kabla yako. Ukishapewa mwisho unabaki na nini? Unabaki na wakili anayepanga makaratasi ya marehemu, basi!

Na akaendelea kutafuna. Kwenye giza lile, baada ya kuua kitabu kizima, nilimsikia anatafuna.

Nataka aombe radhi mbele ya kikao kizima. Na zile chapati alipe.

Nguru wa Kukaanga:

Pole mkuu. Nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto. Swali moja tu, chapati zilikuwa za nani?

Mwana wa Raskazone:

ZANGU! Nimeamka alfajiri kukanda unga, halafu mtu anatumia chapati yangu kunimwagia mwisho wa kitabu changu sebuleni kwangu!

Shangazi Kanga:

Hebu ngojeni kwanza. Mwanamke kavaa nyeusi, kasimama makaburini, hasemi na mtu. Ndiyo mmefunga madirisha kwa hilo? Njoo Ngamiani jioni nikuoneshe wanawake waliovaa nyeusi mpaka uchoke. Mimi mwenyewe sasa hivi nimo ndani ya baibui, nangoja daladala, na uso umesawajika kwa hii jua.

Mwana wa Raskazone:

Shangazi, shikamoo. Kwa heshima zote, siyo nguo. Ni kwamba akionekana tu, kuna mtoto pale mjini anakufa. Watu wa Crythin Gifford wanajua wote, na ndiyo maana Kipps akiuliza wanageuza maneno. Yule mama alinyang'anywa mwanawe akalelewa na dada yake, halafu akamwona anazama topeni, yeye yuko dirishani hawezi kitu. Chuki yake haikuzikwa naye. Sasa wewe niambie, katikati ya uchungu kama huo mtu anatafuna?

Shangazi Kanga:

Marahaba mwanangu. Sasa na wewe si umeshamwaga nusu ya kitabu hapo?

Kuku Kishingo:

😂😂😂 Mwiba wa kujidunga! Hata hivyo mwisho si tunaujua wote? Treni ile, baba na mtoto...

Mwana wa Raskazone:

Hiyo ni FILAMU! Ile ya 2012 ya Daniel Radcliffe, waliubadilisha mwisho! Kitabu hakiishi kwa treni!

Kuku Kishingo:

Kumbe. Kinaishia kwa nini?

Mwana wa Raskazone:

SISEMI. Na ukimfuata yule bwana kumuuliza, jua umeshiriki.

Mzee wa Wete:

Vijana mnanishangaza. Mzuka gani wa kuwashiwa mshumaa na kupikiwa chapati? Sisi Pemba 1995 ilipovuma habari ya Popobawa, watu walilala nje familia nzima, moto umekokwa, hakuna aliyetaka kubaki chumbani peke yake. Hakuna aliyesoma kwa sauti. Mngoje Krismasi basi, maana mzuka wa Kizungu naona una kalenda.

Mwana wa Raskazone:

Mzee, kitabu chenyewe kinaanza mkesha wa Krismasi! Kipps ameshakuwa mtu mzima, watoto wa mkewe wanasimuliana mizuka karibu na moto, zamu yake inafika, anakasirika anatoka nje. Hata yeye hakumwaga mwisho na yake yalimkuta kweli! Huyu wetu hayakumkuta lolote, ana chapati tu mdomoni.

Fundi wa Ughaibuni:

Wewe una nafuu, kwako ni sebuleni. Mimi nilitoa pauni zangu London kwenda kuangalia mchezo wa jukwaani wa kitabu hicho hicho pale Fortune Theatre, kabla hawajaufunga 2023. Ulikuwa umekaa hapo tangu 1989, zaidi ya maonyesho 13,000, wanaozungumza ni waigizaji wawili tu. Taa zinazimwa, kiti kinaanza kugonga, ukumbi mzima umeshika pumzi. Jirani yangu anafungua peremende. Ile karatasi yake! Kwaruu, anasimama, kwaruu, anasimama. Fungua mara moja basi! Anadhani akienda polepole hatusikii. Mpaka leo nikiona peremende ya karatasi napanda presha.

Nguru wa Kukaanga:

Peremende afadhali. Kwenye basi la Tanga kwenda Dar kuna aliyenisimulia filamu nzima nikiwa naitazama. Dereva kaweka yeye, na huyu naye kawa dereva wa pili.

Dada wa Pangani:

Mnalalamikia kelele tu. Kuna mtu humu ndani, na anajijua, aliazima kitabu changu cha mizuka kabla ya masika. Kimerudi? Hakijarudi. Juzi nimepita kwa mama mmoja kununua maandazi, nafungua karatasi, naona aya ninayoijua. Nilikuwa nimeipigia mstari kwa kalamu yangu mwenyewe! Mafuta yamepenya mpaka maneno ya nyuma yanasomeka mbele.

Kuku Kishingo:

Huo sasa ndio mzuka wa kweli.

Shangazi Kanga:

Hapo Dada nakuunga mkono. Kitabu cha kuazima kinafungiwa maandazi! Mtaje jina.

Mwana wa Raskazone:

Jamani, turudi kwenye mada. Yule bwana wa chapati...

Dada wa Pangani:

Simtaji Shangazi, ana familia. Ila alisema anakwenda nacho Korogwe wiki moja tu.

Mzee wa Wete:

Maandazi yenyewe yalikuwa ya iliki?

Dada wa Pangani:

Ya iliki mzee, na yalikuwa mazuri, ndiyo inazidi kuniuma.

Fundi wa Ughaibuni:

Anayeazima kitabu harudishi huyo ni wa kufungiwa humu. Mods mpo?

Mtu wa Korogwe:

Dada acha kunichafua. Kile kitabu nilimpa mdogo wako akuletee, muulize yeye.

Dada wa Pangani:

AHAA! Nani alikutaja wewe?