Bonde la Msimbazi: tuliitwa kutoa maoni au kusaini mahudhurio?

Mkaa Kigogo: Bonde letu la Dar es Salaam linageuzwa bustani ya jiji, mkopo wa Benki ya Dunia wa 2022, dola milioni 200. Sipingi bustani. Kwenye mkutano mtaani kwetu ramani ilikuja imeshachorwa, nikinyoosha mkono naambiwa "maswali baadaye". Hiyo baadaye ikaja na soda. Nanyi ilikuwaje?

Fundi Saruji: Maoni gani tena? Sheria ya Mazingira ya 2004, marufuku kujenga ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mafuriko ya 2010 yale mkapewa viwanja Mabwepande, mkauza mkarudi.

Binti Magomeni: Desemba 2011, kaka. Watu walikufa, usisimulie kama mechi. Bibi yangu hakwenda Mabwepande wala hakuuza kitu. Ana leseni ya makazi, na kodi ya jengo anakatwa kwenye Luku, akinunua umeme. Hela ya mtoni hainuki?

Chuma cha Reli: Yanga, Wana Jangwani, kwa kulia! Klabu yenyewe mvua mbili tu imeshakuwa bwawa.

Njano Damu: Na nyie Simba mliojiita Wekundu wa Msimbazi? Mnajivunia mto wa majitaka.

Chuma cha Reli: Ile ni Msimbazi ya mtaa, Kariakoo. Soma.

Njano Damu: Na mtaa umepewa jina la nani, la shangazi yako?

Fundi Saruji: Binti, mimi si kaka yako, nina miaka 61. Na leseni si hati.

Binti Magomeni: Shikamoo basi, mzee. Hiyo leseni alijipa mwenyewe? Na karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, zile mita 60 mlipima kwa rula ipi?

Fundi Saruji: Marahaba. Ule ni mradi wa umma, usilinganishe.

Binti Magomeni: Kumbe maji yanachagua.

Kalamu ya Rangi: Tusidanganyane, 2018 warsha zilifanyika na wakazi walikuwemo. Nilikuwepo, tulichora wenyewe.

Mkaa Kigogo: Mlichora miti. Fidia mlichora?

Kalamu ya Rangi: Hiyo haikuwa meza yetu.

Mkaa Kigogo: Ilikuwa meza ya nani?

Chuma cha Reli: Waacheni Yanga wajenge uwanja humo humo, wacheze na mitumbwi.

Njano Damu: Tano moja, Novemba 2023. Ulikuwa kwenye mtumbwi gani?

Mkaa Kigogo: Jamani, nimeuliza meza ya nani.

Chuma cha Reli: Sita bila, 1977. Tuendelee kuhesabu?