Mteja anasema "mfumo uwe na kasi", hilo naliandikaje kwenye mahitaji?

mwanakalamu
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada nimekwama. Tumetengeneza mfumo wa stoo na ule ukurasa wa ubora kwenye hati ya mahitaji (ile inayosema mfumo unatakiwa uweje) niliuandika mimi, nikaweka "mfumo uwe na kasi, uwe salama, uwe rahisi kutumia", mteja akasaini, madevelopa wakasaini, kila mtu roho kwatu. Siku ya makabidhiano wahudumu wote wakaingia asubuhi kwa mpigo, mmoja anatafuta bidhaa moja tu, kile kiduara kikazungukaaa, nikaangalia saa, sekunde 22 ndo orodha inatokea. Mteja kagoma kupokea mzigo. Madevelopa nao wanasema kwao inafunguka chini ya sekunde moja, na kweli nimeona kwa macho yangu. Sasa hapa nani mwenye kosa? Na ile sentensi ilitakiwa iandikweje?

mjaribu_mifumo
Pole sana mkuu. Mimi naona hati ndo ina kosa, neno "kasi" kila mmoja kalisoma kwa akili yake. Kazi yangu ni kujaribu mifumo, na sentensi kama hiyo ikinifikia nairudisha siku hiyohiyo kwa sababu siwezi kuitungia jaribio ambalo mfumo unaweza kufeli. Kisichoweza kufeli si hitaji, ni matamanio tu.

Andika tukio: nani yupo, anafanya nini, hali ikoje muda huo, mfumo ujibu nini, na jibu linapimwaje. Mfano "wahudumu 60 wakiwa ndani kwa pamoja, mhudumu akitafuta bidhaa kwa jina, apate matokeo ndani ya sekunde 2, angalau mara 95 kati ya kila 100". Na tafadhali usiandike wastani!! Chukua utafutaji 100, 90 umejibiwa kwa sekunde 1 na 10 kwa sekunde 20, wastani wake ni 2.9, kwenye ripoti panapendeza kabisa huku kuna watu kumi wamekaa wanakodolea skrini.

KodiSafi
Naongezea kidogo. Usianze na karatasi tupu, kuna kiwango cha kimataifa cha ubora wa programu kinaitwa ISO/IEC 25010, toleo la 2011 lilikuwa na sifa 8 za ubora na la 2023 zikawa 9 baada ya kuongezwa usalama wa watu na mali. Zipo utendaji, kutegemeka, ulinzi wa taarifa, kuelewana na mifumo mingine, urahisi wa kuufanyia marekebisho na nyingine. Hiyo ya marekebisho ndo husahaulika kila siku, mteja haioni kwa macho, mnakuja kuikumbuka siku kubadilisha kitu kidogo kunakula wiki mbili. Ila sio ujaze zote 9 ilimradi, kaa na mteja mchague tatu au nne ambazo zikikosekana kazi inasimama.

mzee_wa_seva
Hapo kwenye namba muwe makini jamani, namba ina gharama yake. Mteja wetu mmoja aliandika mfumo upatikane asilimia 99.99 ya muda wote, ukimuuliza kwa nini, anasema kaona inapendeza. Asilimia 99.9 maana yake unaruhusiwa kuzima kama saa 8 na dakika 45 kwa mwaka mzima, ukienda 99.99 unabaki na dakika 52 tu, hapo unahitaji seva ya akiba na mtu wa kuamshwa usiku wa manane. Na ofisi yao inafungwa jioni! Tulimuuliza swali moja, mfumo ukizima saa nzima nani anakwama na anapoteza nini, tukaishia kuandika 99.9 kwa saa za kazi na kila mtu akaridhika. Namba itoke kwenye hasara, isitoke kichwani.

mwanakalamu
Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Ile ya kasi nimeichukua kama ilivyo, watu 60 ndo idadi yetu halisi. Ya "rahisi kutumia" nimeandika hivi: "mhudumu mpya aliyefundishwa saa moja aweze kusajili mzigo ndani ya dakika 3 bila kumuuliza mtu, na wafaulu angalau 8 kati ya 10". Imekaaje?

mjaribu_mifumo
Ya pili iko vizuri sana, hiyo naijaribu hata kesho. Ya kwanza nilisahau kitu, weka na kiasi cha data. Kutafuta kwenye stoo yenye bidhaa chache na kutafuta kwenye stoo iliyojaa ni vitu viwili tofauti, hebu waulize madevelopa walijaribia bidhaa ngapi.

mwanakalamu
Nimewauliza sasa hivi. Walijaribia bidhaa 150. Stoo ya mteja ina zaidi ya 40,000.