Vyumba vidogo vya Zoom vinanishinda, msaada wakuu

Wakuu habari, Jumamosi nina semina ya watu 40 Zoom, mara ya mwisho nilivyowagawa kwenye vyumba vidogo watu 10 10 wakakaa kimyaa kama wako msibani, nyie mnafanyaje?

— 10 wengi mno mkuu, weka 4 au 5. Na swali wape KABLA hujawagawa, wakishaingia humo unachoandika kwenye chati ya ukumbi mkubwa hawakioni

— Teua kabisa nani anaongoza la sivyo kila mtu anamsubiri mwenzie 😂 halafu kabla ya kufunga tuma tangazo vyumba vyote, zile sekunde 60 za mwisho Zoom inazohesabu ukishabonyeza kufunga zinawakuta watu katikati ya sentensi

— Kumbe! Na wenye bando la kuungaunga?

— Hao watakatika tu, tafuta msaidizi abaki ukumbini kuwarudisha, ww endelea kuzunguka vyumbani