Dodoma: Wanapandisha ghorofa ubavuni mwa bustani yetu, na hakuna aliyetuita hata kikao kimoja

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie nikirukaruka.

Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tumeamshwa na tingatinga. Nikajua ni greda la barabara, maana tumeliomba miaka. Natoka na kanga begani nakuta miarobaini minne ya upande wa korongo iko chini, mizizi juu, na vijana wanachimbia nguzo za mabati. Nikauliza nani kawatuma. "Mama, sisi vibarua tu, muulize bosi." Bosi hayupo, namba yake hawana. Bango lipo, limechorwa ghorofa sita zenye vioo, lakini halina jina la mkandarasi wala namba ya kibali.

Nieleze mahali penyewe. Ni bustani ya mtaa, mashariki ya mji. Si zile bustani kubwa za mjini, Nyerere Square na Chinangali. Haina geti wala kiingilio, na sisi tunaiita Miarobaini tu. Miche tuliipanda 2011, kila nyumba miwili. Mtu asiyeishi Dodoma anaweza kuona mti ni mti, kwa hiyo nimwambie: hapa mvua kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, inaanza Desemba, Aprili imekwisha. Kuanzia Mei hadi Novemba mche hauoni tone mpaka ubebewe. Tuliubebea. Maji ya bomba yalikuwa ya mgao, kwa hiyo yaliyokwenda kwenye miche yalikuwa ya kuoshea vyombo na ya kuogeshea watoto, dumu la lita ishirini mkono huu na ndoo mkono ule. Mwaka wa kwanza mbuzi walikula karibu nusu. Tukarudia, safari hii tukazungushia miiba ya migunga. Mwanangu wa kwanza alijifunza kutembea akishika mwarobaini mmoja uliokuwa sawa na urefu wake. Huo ni mmoja wa ile minne.

Leo chini ya ile miti kuna mama anayeuza uji na vitumbua asubuhi, kuna walimu wa chekechea wanaoleta watoto kwa sababu darasa lao la bati likifika saa sita ni tanuri, kuna vijana wa chuo na madaftari yao, kuna chandimu jioni. Misiba yetu turubai linafungwa pale. Oktoba, joto likikaza, watu wanabaki nje hadi saa nne usiku kwa sababu ndani hakulaliki.

Sasa maneno tunayoletewa ni kwamba bustani haijaguswa, kiwanja kinachojengwa kipo "kando". Hili neno kando ndilo linalonichoma, na naomba mnielewe hapa kuliko mahali pengine popote kwenye uzi huu.

Kando yenyewe ni korongo. Kiangazi unaliona kavu, limejaa mchanga na mifuko, unaweza kudhani halina kazi. Njoo Januari. Maji ya mtaa mzima yanashukia pale, na mvua ikipiga saa moja tu linajaa ukingo kwa ukingo. Ndiyo maana pale pameachwa bila nyumba miaka yote. Ukilijaza kifusi upandishe jengo, maji hayatakaa kuuliza njia. Yataingia bustanini, kisha kwenye nyumba za safu ya chini, ambako kuna wajane wawili na chekechea yenyewe.

Halafu kile kiwanja hakina barabara. Nendeni mkaangalie. Upande mmoja korongo, upande wa pili ukuta wa majirani, na njia pekee ni ile ya miguu inayokatiza katikati ya bustani. Kwa hiyo malori ya mchanga na kokoto yanapita wapi? Tangu Jumapili yanapita pale watoto wanapochezea, na mistari ya matairi imefika kwenye benchi la wazee. Jengo likiisha, magari ya wapangaji yatapita hapo hapo, siku zote. Mtaa wetu hauna bomba la majitaka, kila nyumba na karo lake. Karo la ghorofa sita litachimbwa wapi? Watatafuta nafasi, na nafasi iliyobaki ni moja. Bustani ikishakuwa barabara na karo na maegesho, atakuja mtu kusema haitumiki tena kama bustani, kwa hiyo igawiwe.

Kuna mzee wetu mmoja, Mgogo, mwenyeji kabisa wa eneo hili. Kabla viwanja havijapimwa, pale palikuwa shamba la uwele la baba yake. Wakahamishwa, wakaambiwa kipande hiki kitabaki eneo la wazi la watu wote. Amekubali hivyo maisha yake yote. Jumamosi alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya mabati, hakusema neno kama dakika kumi. Kisha akauliza: "Kama ni pa kuuzwa, mbona hamkuturudishia sisi?" Hakuna aliyemjibu. Mimi nimeshindwa kulala na swali hilo.

Na huu mji haukuota wenyewe jamani. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie hapa, na mpango kabambe wa kwanza, wa 1976, ulichorwa ukitaka makazi yapumue, yawe na maeneo ya kijani, watu waende shule na sokoni kwa miguu. CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikipanga mji na kugawa viwanja, ilivunjwa 2017, kazi zake zikahamia halmashauri, mwaka uliofuata tukawa jiji. Lakini michoro haikuvunjwa. Eneo lililochorwa la wazi halibadilishwi matumizi kwa mtu kuja na mabati asubuhi ya Jumamosi. Kuna Sheria ya Mipangomiji, Namba 8 ya 2007, kuna maombi, kuna kibali cha mamlaka ya upangaji. Kama tathmini ya mazingira ilifanyika tuonyeshwe, tuone waliohojiwa ni nani, maana mimi naishi hatua arobaini kutoka pale na sijaona mtu na karatasi. Katiba yenyewe, Ibara ya 27, inamtaka kila mtu alinde mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Tunailinda, na tunaambiwa tunapinga maendeleo.

Nimeshaona watakaokuja kusema Dodoma inakua, nyumba zinatakiwa. Ni kweli. Sensa ya 2012 ilitukuta 410,956, ya 2022 ikatukuta 765,179. Mimi mwenyewe ni mpangaji, kodi yangu imepanda mara tatu tangu Serikali ihamie, sihitaji kuelezwa shida ya nyumba. Lakini hapa si Kariakoo. Ardhi ipo Nala, ipo Mkonze, ipo hadi kule Ihumwa. Na watu wakikaribia kuwa mara mbili, sehemu ya kupumzika inatakiwa iongezwe au ipunguzwe? Tangu 2017 tunahamasishwa kupanda miti Dodoma iwe ya kijani. Sisi tulianza kabla ya kuhamasishwa, na yetu imeng'olewa kwa dakika ishirini.

Ofisini tumeshakwenda mara tatu. Mara ya kwanza tukaambiwa faili lipo kwa mkubwa. Mara ya pili mkubwa yupo safarini. Jana kijana mmoja wa dirishani akatuambia kwa upole kabisa tuandike barua, tukamwambia nakala ya barua yenye muhuri wao hii hapa, ya Jumatatu. Akainama. Mwenyekiti wa mtaa anasema mabati ameyaona siku ile ile tuliyoyaona sisi, na namwamini, kwa sababu alikuja na kandambili akihema.

Tunachotaka ni kuuona mchoro. Mchoro wa mipangomiji wa eneo letu, wenye muhuri, ubandikwe ofisi ya mtaa kila mtu auone, na tingatinga lisimame mpaka mkutano wa mtaa ukae. Kama mchoro unaonyesha kiwanja halali pale, tutabishana juu ya korongo na barabara. Kama unaonyesha eneo la wazi, mabati yatoke na miti minne irudishwe.

Wanaojua haya mambo, wapima ardhi, wanasheria, watu wa mipangomiji, naomba mniambie: nakala ya mchoro wa zamani naipata wapi kama ofisi inatuzungusha? Na kama kuna mtaa wa Dodoma uliowahi kuzuia jambo kama hili, mlianzia wapi?

Wa mtaani kwetu, Jumamosi saa moja asubuhi tukutane pale pale, chini ya mwarobaini wa mama wa vitumbua. Mwenye hati aje na nakala, mwenye picha za mafuriko ya korongo azilete. Yule mzee amesema atakuja.