Naomba ushauri: rafiki mpya uzeeni

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, naishi Tanga. Kliniki ya presha nimekutana na mama mwenzangu wa Chumbageni. Tunapiga soga foleni nzima, na juzi aliniletea mkate wa mofa, wa moto bado, kaufunga kwenye kitambaa. Nampenda kwa dhati. Tatizo, kila nikimkaribisha kwangu anasema inshallah, kisha haji, na kwake hajanialika. Wanangu wanataka nijihadhari. Mimi nahisi ana mgonjwa ndani, au hali ya nyumbani inamtia haya. Je, nimtembelee tu na kilo yangu ya sukari, au nisubiri afunguke mwenyewe? Mliopata marafiki uzeeni, mlianzaje kuzoeana?