Tupeane uzoefu: ulijua lini kwamba enzi za foleni zimekwisha?

Shikamooni wakubwa, wenzangu, habari za jioni.

Mwanangu karudi dukani kanuna: sabuni aliyotumwa haipo, zipo nyingine saba. Nikacheka peke yangu. Utaanzia wapi kumweleza huyu?

Naanza mimi. Ilala, Dar es Salaam, 1983. Foleni ya sukari kwenye duka la ushirika ilipangwa tangu usiku, kwa mawe. Kila jiwe lina mwenyewe. Letu lilikuwa na doa la rangi ya kijani. Alfajiri moja nikalikuta limesogezwa nyuma ya kopo na kandambili iliyokatika. Nililia kama nimefiwa. Nyumbani tulikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa Marekani. Ndipo bajeti ya 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, asiulizwe kazipata wapi. Kariakoo ikafurika. Nilikwenda na mama, tukaona sabuni, dawa ya meno, redio, kila kitu. Tukauliza bei. Tukarudi na betri mbili.

Wa Magomeni: Mkuu, mimi nilijulia kwenye daladala. Watu husema kila kitu kililetwa na Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, lakini vibasi vya watu binafsi viliruhusiwa 1983, UDA, shirika la mabasi ya mji, ikiwa hoi, Mwalimu Nyerere bado yuko Ikulu. Nauli shilingi tano, yaani dala. Mwinyi anaapishwa Novemba 1985, mie tayari konda mzoefu.

Wa Temeke: Mwaka huohuo wa 1983 wewe unapiga debe, kaka yangu alizolewa kwenye Nguvu Kazi, ile kampeni ya kuwaondoa mjini wasio na kazi, kwa kukosa kitambulisho cha kazi, akapelekwa kijijini akalime. Kosa lake kuuza karanga. Leo angeitwa mjasiriamali, na semina angepewa.

Wa Ubungo: Baba alikuwa mkaguzi wa vitambaa kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini. Kitambaa kinapita juu ya meza yenye taa, akiona uzi umeruka anaweka alama ya chaki. Miaka kumi na nane. Mitumba iliporuhusiwa, stoo za kiwanda zikajaa vitenge visivyo na mnunuzi. Miaka ya tisini wakaanza kupunguza watu. Barua ya baba ilikuja na kiinua mgongo kisichofika hata nusu ya alichokuwa amekipigia hesabu. Akanunua belo la mitumba, akatandika Manzese. Ndiyo, mitumba ileile.

Shida, hawezi kuuza. Mteja akishika shati, mzee anamwonyesha kasoro: "Hapa kwapani uzi umelegea, mama. Na hii kola haikukatwa sawa." Mteja anashukuru, anahamia meza ya jirani. Mama alipoona tutalala njaa akamwondoa mbele, akampa kazi ya kufungua belo na kuchambua gredi. Hapo hakuna aliyemfikia. Wafanyabiashara wengine wakawa wanamwita awachambulie na wao, kwa malipo. Ada yangu ilitoka humo.

Wa Kinondoni: Mimi nilikuwa karani wa benki. Zamani mteja anapiga shikamoo dirishani hata kama kanizidi umri. Sheria ya 1991 ikaruhusu benki binafsi, 1997 NBC, benki ya serikali, ikagawanywa, benki ya NMB ikazaliwa. Siku mteja wa kwanza aliponifokea kwamba anahamisha akaunti yake, nikajua yamekwisha.

Wa Temeke: Na hospitali je? 1993 zikaanza kutuchangisha. Mama mkwe alikwenda na kadi yake tu, kama alivyozoea. Karudi na kadi yake.

Wa Tabata: Wakuu, sisi wa 2000 tunauliza, sasa bora ipi?

Mwanzisha mada: Dogo, ngoja kwanza wakubwa wamalize kusimulia. Wa Ubungo, mzee yupo?

Wa Ubungo: Yupo, macho tu yamepungua. Juzi nilimpelekea suruali mpya ya dukani. Akapitisha kidole kwenye pindo, akanirudishia: "Mguu wa kushoto kashona mtu mwenye haraka."