Pasi za makumbusho za laibrari au uanachama wa mwaka? Likizo ya Aprili inakuja

mama_watatu
Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie kuamua kabla ya likizo ya shule ya Aprili huku Marekani. Nimeambiwa laibrari wanaazimisha pasi za makumbusho kama wanavyoazimisha vitabu, unaingia na watoto bure. Baba watoto yeye anasema tusihangaike, tununue uanachama wa mwaka wa makumbusho tumalize. Kipi bora? Watoto wamekaa ndani baridi yote na katuni nimezichoka.

kaka_617
Karibu dada, ila hujatupa kitu cha kushika. Uko jimbo gani, mji gani? Watoto umri gani? Mnaenda wangapi, na makumbusho gani? Bila hayo kila mtu atakujibu la kwake.

bibi_vitabu
Pasi mwanangu, usisikilize mtu. Wanangu wote wamekulia Massachusetts hapa kwa pasi za laibrari na hakuna makumbusho hawajafika. Mara nyingi zinanunuliwa na kile kikundi cha marafiki wa laibrari, wale wanaouza vitabu vilivyotumika, kwa hiyo ni pesa ya jamii, itumieni. Unaingia kwenye tovuti ya laibrari yenu, unachagua siku kwenye kalenda, unaweka namba ya kadi yako, basi. Zingine unaletewa kwa emaili unaprinti au unaonyesha kwenye simu, zingine ni kadi yenyewe unaifuata kaunta na lazima uirudishe. Uliza kwanza ni ipi kati ya hizo mbili.

mdau_wa_kilwa
Uanachama. Uhuru hauna bei. Mtoto akilia unaondoka, kesho unarudi.

kaka_617
@mdau_wa_kilwa bei ipo mkuu, hata hujui anaishi wapi.

mama_watatu
Samahanini. Tuko Worcester, tuna mwaka sasa. Watoto ni miaka 2, 6 na 11. Tunataka Boston, hasa kule kwa samaki na ile ya sayansi. Tutakuwa sita kwa sababu na mama mkwe yupo.

kaka_617
Sasa tunaongea. Sita ni tatizo, maana pasi nyingi zina kikomo cha watu, wanne ni kawaida sana. Na pasi si zote za bure. Ya New England Aquarium ni punguzo tu, bado utalipa getini. Hao wa samaki tiketi ya mtu mzima inapita dola 30, kwa hiyo hata punguzo lina maana. Mdogo wa miaka 2 ni bure kwa samaki na Museum of Science pia, kwa hiyo wa kulipa ni watano. Piga hesabu kwa watano.

maman_ya_bane
Jambo mama. Mi pia niko Worcester, batoto bane. Mbona kwenda Boston kwanza? Anza hapa hapa. Ile museum ya Higgins ya manguo ya chuma ya ba-soldat ba zamani ilifungwa mwisho wa 2013, bakaleta vitu ku Worcester Art Museum. Mutoto wa myaka 11 atafurahi sana. Na laibrari yetu iko na mapasi, uliza tu ku kaunta, batakuonyesha.

fundi_bomba
Jamani na mimi niseme kwa nini nilihama pasi. Sitataja laibrari wala mji. Wageni walitoka Ohio, shemeji na watoto wake, nikabuku pasi ile ya kadi wiki tatu kabla, emaili ya kuthibitisha ninayo, asubuhi ya siku yenyewe nafika kaunta na watoto wote kwenye gari wanaimba, dada wa kaunta anafungua droo, anafungua na nyingine, ananiambia aliyeazima jana hajarudisha. Hajarudisha! Wakampigia simu hapokei. Hakuna kadi ya akiba, wakaniambia pole, nikawauliza sasa emaili yangu ina kazi gani, wanasema emaili inathibitisha zamu yako haithibitishi kwamba kadi ipo. Watoto wa watu wametoka Ohio ningewaambia nini? Tukaenda hivyo hivyo, nikalipa getini bei kamili watu saba, na paking ya Boston mnaijua wenyewe. Wiki ile ile nikanunua uanachama wa familia. Sijui aliyekaa na kile kikadi alikuwa na dharura gani, ila tuhurumiane jamani, rudisheni vitu vya watu.

bibi_vitabu
Pole sana baba. Ndiyo maana nikasema aulize kama ni ya kuprinti. Hiyo hairudishwi, haina mtu wa kuikalia. Na kama hutaenda, futa bukingi mapema ili mwenzako apate. Wiki ya Aprili zinaisha kama maandazi ya asubuhi, kalenda ikifunguka tu wenye shule wote wako hapo.

mdau_wa_kilwa
@fundi_bomba asante kwa ushahidi. Na ukinunua uanachama wa makumbusho ya sayansi iliyo karibu na kwako unaingia nyingine bure kwa ule mpango wa ASTC, umoja wa makumbusho ya sayansi. Anunue rahisi ya huko Worcester aingie Museum of Science ya Boston.

kaka_617
Hapana mkuu, utamwingiza hasara. Sheria ya ASTC Passport ni maili 90 kwa mstari ulionyooka, makumbusho yakiwa ndani ya hizo faida haipo. Worcester na Boston hazifiki hata nusu yake. Huo mpango ni mzuri ukisafiri, ukienda New York au zaidi.

nuru_lowell
Mbona hakuna aliyetaja EBT, ile kadi ya msaada wa chakula? Kama familia ina EBT, WIC (msaada wa chakula wa mama na watoto wadogo) au ConnectorCare (bima ya afya ya bei nafuu), Massachusetts kuna Card to Culture, punguzo la makumbusho kwa wenye kadi hizo, na nchi nzima kuna Museums for All, dola 3 au chini yake kwa kichwa, mpaka watu wanne. Unaonyesha kadi tu na kitambulisho. Huhitaji kubuku pasi, hurudishi chochote. Kwangu hiyo inashinda pasi na uanachama vyote.

mdau_wa_kilwa
Mimi kadi ya chakula siwezi kuitoa kwenye foleni ya watalii, nisamehe.

nuru_lowell
Kaka, hakuna anayekutazama. Anayekata tiketi anaona kadi kama hizo siku nzima. Aibu hiyo tumekuja nayo sisi, watoto wetu hawana sababu ya kuibeba. Mwanangu ameshika papa mdogo kwa mkono wake kwa sababu nilitoa ile kadi.

bibi_vitabu
Umesema vizuri mwanangu.

mama_watatu
EBT hatuna, ila ConnectorCare mume wangu anayo kupitia kazini... au ni bima nyingine? Nitaangalia kadi yake. Na zile Jumapili za bure za Boston nimesikia, zinatuhusu?

kaka_617
Zile ni za watoto wa shule wanaoishi Boston yenyewe. Zilianza 2024 kwa shule za umma, 2025 wakafungulia watoto wote wa shule wa mji. Worcester hamumo. Bima ya kazini kwa kawaida si ConnectorCare, hiyo inanunuliwa kwenye Health Connector, soko la bima la jimbo. Akaangalie jina kwenye kadi. Wewe bado una bahati nyingine, makumbusho ya sanaa ya Isabella Stewart Gardner na ICA (ile ya sanaa za kisasa) ni bure kwa wa miaka 17 kushuka, hapo pasi utaitumia kwa wakubwa tu. Pale Gardner wako wa miaka 11 atapenda hadithi ya wizi wa 1990, vitu 13 viliibwa na fremu tupu bado ziko ukutani.

maman_ya_bane
Kama unaitwa Isabella unaingia bure ku ile museum, ni kweli! Mutoto wa dada yangu iko na ile jina.

mwana_lindi_berlin
Mniwie radhi nimeingia kutoka mbali. Mkitaja watoto na makumbusho mimi nakumbuka mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi. Yuko hapa Berlin, Museum für Naturkunde, kimo chake mita 13.27. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa vichwani na babu zetu mpaka bandari ya Lindi. Mtoto wa Lindi akitaka kumwona alipe viza, ndege, na tiketi.

mdau_wa_kilwa
Arudi nyumbani, hakuna mjadala.

fundi_bomba
Arudi akae wapi? Nyumba yake iandaliwe kwanza, yenye umeme wa uhakika na wataalamu. Mfupa ukipasuka haushonwi.

mwana_lindi_berlin
Wataalamu wapo mkuu. Dar es Salaam National Museum ipo tangu 1940.

kaka_617
Fungueni uzi wenu wa mjusi, tafadhali. Dada Worcester, wikiendi kuna tiketi ya treni ya dola 10 kwa mtu mzima, unapanda utakavyo Jumamosi na Jumapili, wa miaka 11 kushuka bure. Ukishuka South Station, Boston Children's Museum ni mwendo wa miguu, kwa wako wa miaka 2 na 6 naona inafaa kuliko ya sayansi.

mdau_wa_kilwa
Na mama mkwe atatembea?

mama_watatu
Anatembea vizuri tu. Kumbe nilifikiri swali langu ni dogo. Jumatatu naenda laibrari kuuliza zipi ni za kuprinti na kikomo chao ni watu wangapi, baba watoto bado anang'ang'ania uanachama hasa baada ya kumsoma fundi_bomba.

fundi_bomba
Msalimie, mwambie namuunga mkono.

nuru_lowell
Kuna mtu anajua kama stroller wanaruhusu kule kwa samaki wikiendi?